Kiboko wa Jumatano

Jumatano ile saa nne ilifika, na upande wa pili wa ukuta wa mbao haikusikika sauti ya mke wangu.

Nilikuwa nimekaa mahali pangu, kwenye chumba cha kutengenezea vitabu nyuma ya maktaba, nashona mgongo wa kamusi moja kubwa. Kati ya chumba changu na chumba cha watoto kuna ukuta wa mbao nyembamba, zile mbao laini ambazo ukizigonga kwa kidole zinakujibu. Kila Jumatano na kila Jumamosi, saa nne asubuhi, mke wangu alikaa kwenye kigoda upande ule akawasomea watoto vitabu vya picha vya wanyama. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa. Asubuhi hiyo aliniambia nitangulie. Yeye angepitia zahanati apimwe presha, maana aliamka kichwa kinamgonga, na kabla ya saa nne angekuwa ameshafika. Alikuwa ameinama anafunga viatu. Akaniambia nisisahau kupika gundi nyingine, ile ya jana imeanza kunuka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia, na nimeyakubali, kwa sababu gundi kweli ilikuwa imeanza kunuka.

Nilisikia watoto wakiingia. Nilisikia viatu vikivuliwa mlangoni, miguu mitupu kwenye zulia, mama mmoja akimwambia mwanawe ajisogeze. Kisha wakatulia. Watoto ishirini na kitu wakinyamaza kumngoja mtu, kimya chao kina uzito. Unakisikia kama unavyosikia pipa lililojaa maji. Mmoja akakohoa. Mmoja akaanza kunguruma chini chini, kama simba anayejaribu koo lake kabla hajaitwa. Nikaiacha sindano katikati ya tundu, nikasikiliza. Nilidhani amekawia kwenye foleni.

Saa nne na nusu mlinzi wa langoni akaja mpaka mlangoni kwangu. Alivua kofia kabla hajasema neno.

Tulimzika. Ndugu walikuja nyumbani, wakapika, wakaosha vyombo, wakakunja nguo zake wakaziweka kwenye sanduku, kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Binti yetu alikaa majuma mawili mpaka kazi yake ikamwita. Alitaka niende naye. Nilimwambia nitafikiri, na yeye akajua maana yake ni hapana. Juma la tatu nilirudi kazini. Watu walinisifu kwamba nimejikaza. Sikujikaza. Nyumbani kimya kilikuwa kila mahali, lakini kazini kilikuwa upande mmoja tu wa ukuta, na hapo niliweza kukaa nacho.

Mkuu wa maktaba yetu ni mwanamke wa rika la binti yangu. Ananiita mzee wangu, na akiwa na jambo gumu hufuta kwanza meza kwa kiganja, hata kama haina vumbi. Siku aliyoniita ofisini aliifuta mara mbili. Akanieleza kwamba chumba cha watoto kinakatwa. Nusu yake itawekwa vitabu vya shule, na rafu za wanyama, zilizokuwa tano, itabaki moja. Vitabu vya wanyama vilikuwa mia na arobaini na kitu. Vitabaki thelathini. Vingine, vingi vikiwa vimechakaa, vitachukuliwa na watu wa kiwanda cha karatasi vikasagwe.

Sasa, kila mwaka mke wangu alikuwa akiandika karatasi moja na kuibandika mlangoni: vitabu vya wanyama vya kuwasomea watoto wadogo kwa sauti. Wazazi waliichukua, walimu wa chekechea waliichukua, hata wahudumu wa zahanati waliibandika kwenye ukuta wa kungojea chanjo. Mkuu alitaka karatasi ya mwaka huu iandikwe, na hivyo vitakavyoandikwa ndivyo vitakavyobaki. Akaniuliza nani mwingine anavijua vile vitabu.

Nikamwambia mimi ninavijua vyote.

Nilisema kwa majivuno, na niliamini. Vyote vilikuwa vimepita mikononi mwangu. Nilijua kipi kilishonwa kwa uzi mweusi na kipi kwa mweupe, kipi kililowa mvua, kipi kiling'atwa pembe na mtoto anayeota meno. Na zaidi ya hayo, nilivisikia. Hilo sikumwambia mkuu, kwa sababu sikuwahi kumwambia hata mke wangu.

Nieleze hapo. Mwanzoni kabisa, yeye alipohamishiwa chumba cha watoto, nilimtania kwamba amefungua zizi nyuma ya mgongo wangu. Jioni tukirudi nyumbani nilikuwa nikimwambia leo simba wako ameniamsha, leo mbuzi wako amenikosesha kuhesabu kurasa. Naye alikuwa akinijibu kwamba aliyelala ni gundi yangu, ndiyo maana vitabu vinarudi vimeachama midomo. Aliniita Mzee wa Gundi. Utani ule ukaota mizizi. Ningewezaje tena kumwambia kwamba saa nne ikifika naweka sindano chini? Kwamba naegemeza kiti ukutani, nafumba macho, na mvuke wa gundi ya unga unapanda usoni, na sauti yake inapenya mbao ikiwa imepungua makali, kama sauti ya mtu anayesema na wewe wakati unazama usingizini? Wanyama walipita chumbani mwangu miaka yote hiyo na sikuwaona hata mmoja. Niliwaumba mwenyewe. Twiga wangu alikuwa mrefu kuliko dari, akiinama ili apitishe shingo. Tembo wangu alipokanyaga, makopo ya gundi hayakutikisika.

Nikaanza kazi ya orodha. Mke wangu aliacha kadi. Nyuma ya kila kitabu kuna mfuko mdogo wa karatasi niliobandika mimi, na ndani yake kadi aliyoandika yeye, ya kumsaidia mtu anayekwenda kusoma. Nilizitoa moja moja. Mwandiko wake ulikuwa mdogo na umelala, kama majani yaliyopigwa na upepo wa upande mmoja.

Kadi ya kitabu cha bata anayeoga ilisema: "Chini ya miaka miwili. Karatasi nene, haichaniki hata ikitafunwa. Usisome ukurasa mzima. Weka kidole, taja mnyama, ngoja. Mtoto atajibu kwa mkono kabla ya mdomo." Hicho nikakiandika.

Cha kobe anayechelewa harusi: "Kuna maneno yanayorudi kila ukurasa. Safari ya tatu wewe nyamaza, watayasema wao." Hicho pia.

Cha fisi mwenye meno mengi: "Si kwa wakati wa kulala. Mtoto akiogopa usimwambie asiogope. Mpe akifunge kitabu yeye mwenyewe." Nikafikiri sana, nikakiandika. Kuna kimoja cha sungura, chenye jalada la kung'aa, ambacho kila mtu hukishika kwanza. Kadi yake ilikuwa na maneno machache: "Kizuri kutazama, kigumu kusoma. Sentensi ndefu, pumzi haifiki." Nikakiweka kwenye rundo la kuondoka, na niliona vibaya, kama mtu aliyemnyima kiti mgeni aliyevaa vizuri.

Kwa siku nne nilifika ishirini na tano. Nafasi tano za mwisho niliziacha makusudi. Zilikuwa za hadithi zangu, zile nilizozipenda kuliko zote, na nilitaka nizitafute bila haraka.

Ya kwanza ilikuwa ya mwezi uliomezwa. Aliyeumeza alikuwa na kiu tu, hakuwa na ubaya wowote, na usiku kucha aliogopa kupiga chafya. Ya pili ilikuwa ya ndege aliyelala juu ya jiwe, na jiwe likawa linapumua, na ndege akarekebisha pumzi zake zilingane nalo. Ya tatu ilikuwa ya mto uliochoka kwenda. Uliwaambia wanyama wote kwamba leo hauendi popote, wao ndio wapite. Ya nne ya mama aliyekaa chini ya maji akihesabu mapovu, kila povu jina la mtoto wake. Ya tano sikumbuki ilikuwa inahusu nini hasa, ila mwishoni kulikuwa na mtu mkubwa anayetembea nchi kavu taratibu sana ili asiamshe majani. Hiyo ilinifanya nilie mara moja, miaka iliyopita, na nikasingizia kitunguu cha chakula changu cha mchana.

Nilitafuta kitabu cha mwezi. Kulikuwa na vitabu vitatu vyenye mwezi, na hakuna uliomezwa. Nilitafuta ndege juu ya jiwe, nikapata ndege juu ya waya, juu ya nyumba, juu ya kichwa cha ng'ombe. Mito nilipata mingi, yote inakwenda. Siku ya tatu ya kutafuta nilikagua daftari la vitabu vilivyopotea. Hakikuwemo hata kimoja. Nikaanza kuogopa. Nilifikiri labda niliviota. Mtu anayefumba macho kila Jumatano kwa miaka kumi na tisa, pengine ameota nyingi kuliko alizosikia. Na kama niliviota, basi hata sauti yake sina. Na watu wa kiwanda walikuwa wanakuja Jumatatu.

Ijumaa nilikuwa nimekaa kwenye zulia la watoto, vitabu vimenizunguka kama mtu aliyepasukiwa na mzigo. Akaingia mtoto mmoja wa miaka minne na ushee, mjukuu wa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Tunamwita Kidevu, kwa sababu kila meza anayoifikia anaiwekea kidevu. Bibi yake alibaki mlangoni anazungumza na mlinzi. Mtoto akaja akaweka kidevu chake juu ya rundo la vitabu vyangu, akanitazama.

"Babu Gundi, unatafuta nini?"

Nikamwambia natafuta mwezi uliomezwa. Sikutegemea jibu.

Aliondoa kidevu. Akaenda rafu ya chini kabisa, akavuta kwa mikono miwili kitabu kipana, chembamba, cha buluu, akanirudia nacho akikiburuta kidogo. Mgongo wake ulikuwa na mishono yangu, mitatu ya nyakati tofauti. Nilikijua sana. Kilikuwa kitabu cha kiboko kisicho na maneno. Ndani ni picha tupu, kutoka jalada hadi jalada, hakuna hata herufi moja. Kilipoletwa kwangu mara ya tatu nilimwambia mke wangu tukitupe, hiki ni cha watoto wa kutafuna, kinanimalizia uzi. Yeye alisema nikishone tu.

"Ndio huu," Kidevu akasema.

Nikamweleza kwa upole kwamba hapana, hicho nakifahamu, hakina hadithi. Hakunisikiliza. Alilalia tumbo, akafungua kurasa kwa kiganja kizima, akasimama kwenye moja. Kiboko amesimama ndani ya maji meusi, usiku, na mwanga umemulika chini ya tumbo lake.

"Huyu ameumeza. Si unaona tumbo?"

Nikaona. Nilikuwa nimeshona ukurasa ule mara tatu, nikitazama matundu ya uzi.

Nikamuuliza, sauti yangu ikiwa imeshuka, yuko wapi ndege aliyelala juu ya jiwe. Hakuinuka kwenda popote. Alirudisha kurasa mbili nyuma. Mgongo wa kiboko umejitokeza kwenye maji, wa mviringo, wa kijivu, na juu yake ndege mweupe ameficha mdomo kwenye manyoya. Na mto uliochoka? Alinionyesha maji yaliyosimama kama kioo. Na mama wa mapovu? Alinionyesha. Na yule mtu mkubwa anayetembea asiamshe majani? Kiboko yupo nchi kavu, unyayo mmoja umeinuliwa, na nyasi zote zimelala.

"Kwani wewe hukuwepo?" Kidevu akaniuliza.

"Nilikuwepo. Nilikuwa hapo nyuma ya ukuta."

Alifikiri. "Hapo nyuma hakuna picha," akasema.

Bibi yake akamwita, akaenda.

Nikachomoa kadi kwenye mfuko wa nyuma. Haikuwa na neno. Kadi nyingine zote ziliandikwa, hii ilikuwa tupu, lakini pembe zake zilikuwa nyeusi kwa vidole kuliko kadi zote. Nilikaa nayo pale chini mpaka mlinzi alipokuja kufunga madirisha. Vitabu vyangu vitano vilikuwa kitabu kimoja. Pengine havikuwa vitano. Pengine kila Jumatano alipokishika alisema jingine, na mimi nikayaweka kwenye rafu kichwani kama vitabu mbalimbali, nikavipangia hata majalada. Na huyu ndiye mwanamke niliyerudi naye nyumbani kila jioni, tukipita njia moja, mimi nikimtania habari za mbuzi.

Usiku ule nilifanya kosa ambalo ni fundi vitabu tu angelifanya. Niliamua kukirekebisha. Nilikata vipande vya karatasi nyeupe, nikaandika kwa mwandiko wangu wa shule maneno yote ya mke wangu niliyoyakumbuka, ya mwezi, ya ndege, ya mto, ya mapovu, nikayabandika chini ya picha zake, nikakiweka kitabu chini ya chuma cha kubania mpaka asubuhi. Nilijiambia kwamba sasa hatapotea. Mtu yeyote akikifungua atamsikia yeye. Nililala usingizi mzuri, wa kwanza tangu siku ile, na niliota nimekaa upande wa pili, kwenye zulia, na mbao hazipo.

Jumamosi Kidevu alikuja na bibi yake. Nilimwita, nikakaa kwenye kigoda, nikamsomea. Nilikuwa sijawahi kumsomea mtu kwa sauti tangu binti yetu akiwa mdogo. Ulimi ulikuwa mzito, lakini maneno yalikuwa yake, yalinibeba. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho. Akasema tena. Nikasoma tena. Safari ya pili, tulipofika kwenye mwezi, aliweka kiganja chake juu ya karatasi yangu, akafunika maneno.

"Shangazi hakusema hivi." Watoto wote walimwita mke wangu Shangazi.

Nikamwambia alisema. Nilimsikia kwa masikio yangu.

"Hiyo ni ya siku ile," akasema. "Leo kiboko anafanya nini?"

Niligeuza ukurasa, nikaurudisha. Yeye alingoja, kidevu juu ya goti langu, bila kunihurumia. Kisha akaanza kuchokoa pembe ya karatasi kwa ukucha, akaniambia niitoe, imemkalia kiboko miguuni. Nikatazama. Ni kweli. Kwa kutaka mistari yangu inyooke, nilikuwa nimefunika miguu yote minne na sehemu ya maji.

Bibi yake, fundi cherehani, alikuwa ameegemea mlango. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba mtu akifumua mapema kitambaa hakibaki na alama.

Gundi ya unga ina wema huo, hukubali kurudi nyuma. Unalowesha pamba kidogo, unaikandamiza juu ya karatasi, unangoja, na ukihisi inateleza unainua kwa ncha ya kisu. Nilifanya ukurasa mmoja mmoja, mchana mzima wa Jumamosi. Vipande vilitoka vikiwa vimelainika, wino umevuja, na vilipokauka dirishani vilijikunja vikawa havisomeki. Yale ya mwezi na ya ndege nayakumbuka bado, na ndiyo haya niliyoyaandika hapa. Ya mapovu yalikuwa na majina mengi na mazuri, na sasa yamenitoka.

Jumapili jioni nilimpelekea mkuu karatasi nyumbani kwake, na kile kitabu kwapani. Nafasi nne kati ya zile tano nilikuwa nimezijaza kwa kufuata kadi: paka kipofu, punda anayehama, mchwa, na yule nyani anayepanga viatu. Namba thelathini niliandika kiboko. Mkuu alinikaribisha sebuleni, akapitia orodha kwa kalamu, akaitikia kila mstari kwa kichwa. Alipofika mwisho alikifungua kitabu, akakipitia, akafuta meza.

Aliniambia kwa heshima kwamba anaelewa hali yangu. Lakini orodha hii ni ya kusoma kwa sauti, na mzazi aliyechoka, aliyetoka kazini, akichukua kitabu akikuta hakina neno, atajiona amedanganywa. Alikuwa na kitabu kingine cha nafasi hiyo, kile cha sungura, chenye jalada la kung'aa. Watu wanakipenda.

"Mzee wangu, hiki kinasomwaje kwa sauti na hakina hata herufi?"

Nilitaka kumweleza habari za mke wangu, nikaona nikianza sitafika mwisho. Kwa hiyo nikakigeuza kitabu kikamtazama yeye, kama walivyogeuziwa watoto, nikafungua ukurasa wa kwanza. Sikujua nitasema nini. Nikasema tu kilichokuja.

Nikamwambia kiboko huyu amelala, na usingizini anasikia mtu anasema. Hajui ni nani. Maneno yanakuja kupitia maji, yamelowa, hayana pembe. Anafikiri, nikifumbua macho atanyamaza. Basi anakaa hivyo hivyo. Nikafungua. Ndege anakuja kumuuliza umelala? Hajibu, kwa sababu akijibu atakosa neno. Nikafungua. Mwezi unakuja, unakaa chini ya tumbo lake kumpasha joto, na yeye hajui ni mwezi, anadhani ni hadithi. Nikafungua, na hapo nikafika kwenye ukurasa ambao nilikuwa nimeusahau. Ni mto peke yake. Hakuna kiboko, hakuna ndege, hakuna mwezi. Ni buluu tu, ukurasa na ukurasa. Sauti yangu ikakatika. Nilibaki nimekishika kitabu juu.

"Halafu?" mkuu akauliza.

Alikuwa ameshajisogeza mbele. Mkono wake ulikuwa umetulia juu ya meza.

Nikafungua ukurasa. Kiboko ametoka majini, ameachama, mdomo umejaa karatasi yote, meno, ulimi, giza la koo.

"Halafu akafungua mdomo," nikasema, na kwa kuwa sikujua atasema nini, nikapiga miayo. Ilianza kama ya kuigiza ikawa ya kweli, miayo mirefu ya kiboko, ya majuma mengi ya kutolala vizuri. Mkuu akafunika mdomo wake, akashindwa, naye akapiga. Machozi yakamtoka kwa upande, akacheka, akapiga tena. Mumewe, aliyekuwa akipita na sinia la vikombe, akasimama katikati ya chumba akaachama kama sisi, akauliza jamani kuna nini humu.

Mkuu alichukua kalamu. Akaniuliza aandike nini kwenye kadi yake, maana wazazi watataka kuelekezwa. Nikamwambia iandikwe: "Umri wowote. Hakina maneno. Soma kwa sauti."

Jumatatu watu wa kiwanda walikuja na gari, wakapakia vile vingine, yule sungura akiwa juu. Rafu ikahamishwa karibu na dirisha. Jumatano na Jumamosi wazazi wanapokezana kusoma, wengine vizuri, wengine kama wanaosoma bei sokoni, na watoto hawawasemi. Kitabu cha kiboko kimeazimwa mara kumi na moja. Kwa sasa anacho baba mmoja wa mapacha, fundi bomba, anakaa mtaa wa nyuma. Kinatakiwa kurudi Alhamisi.